Kuupima mti wa kisukari, kuanzia Msata hadi maabara

Uliza Msata ni mti gani unaoshusha sukari, na hutakosa majibu. Mmoja atakutajia kokwa za zambarau zilizokaushwa na kutwangwa, mwingine mchunga, mwingine mwarobaini, magome ya mkorosho, majani ya mlonge, mizizi ya mjafari. Kila mti una shahidi wake: shemeji aliyekuwa akiamka usiku kucha kwenda haja ndogo, na sasa analala hadi alfajiri. Na kwa kuwa hapa ndipo barabara ya Bagamoyo inapokutana na ile iendayo Segera, hupita pia dawa za watu wa mbali, kwenye chupa za maji za lita moja na nusu, hazina jina wala tarehe.

Makala haya ni kwa anayetaka kutoka kwenye ushuhuda aende kwenye kipimo: mganga wa tiba asili anayetaka dawa yake iangaliwe kwa haki, mwanafunzi wa famasia aliyerudi kwao likizo, muuguzi anayejua kuwa wagonjwa wake wanakunywa mizizi bila kumwambia. Kazi hii inataka mpangilio na subira, na inataka ukubali tangu mwanzo kwamba mti wako unaweza kushindwa. Jaribio lisiloweza kukupa jibu la "hapana" si jaribio.

Haja ipo, na ni kubwa. Mwaka 1989 Donald McLarty na wenzake walichapisha uchunguzi wa vijiji vya Tanzania ambamo wenye kisukari hawakufika hata mtu mzima mmoja kati ya mia. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, uliohusu watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta takriban 9 kati ya mia. Makundi ya umri na njia za kupima hazikufanana kabisa, lakini mwelekeo hauna ubishi, na familia yoyote ya Pwani inaweza kukuhesabia wagonjwa wake kwa majina.

Hakuna anayeachishwa dawa

Hili linatangulia mengine yote. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walipanga foleni Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500, wakiamini kuwa mizizi ya mugariga inaponya maradhi sugu, kisukari kikiwemo. Wapo waliorudi nyumbani na kuziweka kando dawa za hospitali. Mgonjwa anayeishi kwa sindano za insulini, hasa mtoto au kijana ambaye kongosho lake halitengenezi insulini kabisa, akiacha sindano anaweza kufa ndani ya siku chache. Anayetumia vidonge hataanguka haraka hivyo, ila macho, figo na mishipa ya miguu vitaendelea kuharibika huku yeye akijiona mzima.

Kwa hiyo mganga akikuambia, "Mwanangu, dawa yangu haichanganywi na ya hospitali," usikimbilie kubishana naye. Msalimu, kaa, msikilize hadi mwisho, kisha umweleze bayana kwamba katika kazi yenu ya pamoja mgonjwa ataendelea na vidonge vyake, na mtakachotafuta ni kama mti unaongeza chochote juu ya hivyo vidonge. Akikataa sharti hilo, mwendee mganga mwingine. Msimamo huu usiulegeze, hata kama mti wake ndio unaosifiwa zaidi wilayani.

Kabla ya kuchuma hata jani

Anza na mazungumzo na daftari. Muulize mganga sehemu gani ya mti inatumika, inachumwa wakati gani, inachemshwa kwa maji kiasi gani na kwa muda gani, mgonjwa anakunywa kikombe cha ukubwa gani, mara ngapi, kabla au baada ya kula, na kwa siku ngapi. Omba ukione hicho kikombe, ukipime kwa maji ujue kinachukua mililita ngapi. Kisha uliza swali ambalo wengi hulisahau: mgonjwa anakatazwa kula nini? Ikiwa sharti la dawa ni kuacha chai ya sukari, soda na ugali mkubwa wa usiku, sukari itashuka hata kama ndani ya kikombe mna maji matupu. Lazima ulijue hilo mapema, maana baadaye utahitaji kundi la wagonjwa wanaofuata mwiko uleule bila ule mti.

Muulize pia anautambuaje ugonjwa. Wazee wana dalili zao: kiu isiyokatika, mkojo mwingi, mwili kukonda, sisimizi kukusanyika palipokojolewa. Ni dalili za kweli, lakini sukari hujitokeza kwenye mkojo ikiwa tayari imepanda sana kwenye damu, kwa kawaida kupita milimoli 10 kwa lita. Mtu wa milimoli 8 asubuhi kabla ya kula ana kisukari kwa vipimo vya leo, kwa kuwa mpaka ni 7.0, na mkojo wake hauvuti sisimizi hata mmoja. Vilevile sisimizi wakiondoka haina maana kwamba ugonjwa umeondoka. Huenda sukari imetoka 14 ikafika 9 tu.

Kisha taratibu. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Namba 23 ya mwaka 2002, ndiyo iliyounda Baraza linalosajili waganga na dawa zao, hivyo hakikisha mganga unayeshirikiana naye amesajiliwa au yuko njiani kusajiliwa. Utafiti unaogusa watu unahitaji kibali cha maadili kutoka Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, na halmashauri ya Chalinze lazima ijue mnachofanya. Ukichuma ndani ya hifadhi ya msitu, omba ruhusa kwa Wakala wa Huduma za Misitu. Muhimu kuliko karatasi zote hizo kwa upande wa haki: mkataba wa maandishi na mganga, kwa Kiswahili, unaosema maarifa ni ya nani, jina la nani litaandikwa kwenye ripoti, na kikipatikana kitu cha kuuza yeye na kijiji chake watapata nini. Uandikwe kabla ya kuchuma. Baada ya matokeo mazuri kutoka, kila mtu atakumbuka mazungumzo kwa namna yake.

Jina la mti, kivuli na mizani

Usiende maabara na jina la kienyeji peke yake. Jina moja linaweza kubeba miti miwili kati ya Msata na Kiwangwa, na mti mmoja unaweza kuwa na jina la Kikwere, la Kizigua na la Kiswahili. Kata tawi lenye majani pamoja na maua au matunda, libane kati ya magazeti yaliyowekewa uzito, badilisha magazeti kila siku mpaka likauke. Andika tarehe, mahali, aina ya udongo, urefu wa mti, rangi ya ua likiwa bichi, na jina la aliyekuonyesha. Tawi hilo lipelekwe kwa wataalamu wa mimea, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Taasisi ya Tiba Asilia iliyoko Muhimbili, ambayo imekuwa ikifanya kazi hii tangu mwaka 1974 ilipoanza kama kitengo cha utafiti. Watakupa jina la kisayansi na namba ya sampuli. Namba hiyo iandikwe kwenye kila chupa, kila ukurasa wa daftari, kila ripoti. Bila hiyo, hakuna atakayeweza kurudia kazi yako, na kazi isiyorudiwa haina uzito.

Chuma sehemu ileile anayoitumia mganga. Ukichukua magome, yatolewe upande mmoja wa shina, wala usiuzungushe mti mzima, maana mti uliochunwa duara hufa. Masika na kiangazi mti mmoja huweza kuwa na nguvu tofauti, kwa hiyo chuma misimu miwili na usichanganye mafungu. Anika kivulini juu ya jamvi safi lililoinuliwa kutoka chini, na geuza kila siku. Hewa ya Pwani ina unyevu, na majani yaliyorundikwa huota ukungu ndani ya siku chache. Baadhi ya ukungu hutoa sumu zinazoharibu ini, na hapo utakuwa unapima sumu ya ukungu huku ukiudhania mti. Fungu lenye harufu ya uvundo litupwe lote.

Sasa pika dawa kama mganga anavyopika. Watafiti wengi hukimbilia kulowesha mmea kwenye ethanoli au methanoli kwa sababu vimiminika hivyo huchota kemikali nyingi zaidi, halafu wanatangaza matokeo ya kitu ambacho hakuna mgonjwa aliyewahi kukinywa. Ethanoli ina nafasi yake, baadaye. Methanoli yenyewe ni sumu na haifai kubaki hata chembe kwenye dawa ya kunywa. Kwanza chemsha kwa maji, kwa vipimo vya mganga, na upate kujua kikombe chake kina dawa kiasi gani.

Hilo linafanyika hata kwa vifaa vichache. Pima gramu 50 za magome makavu yaliyosagwa, chemsha kwenye lita moja ya maji kwa muda anaoutaja mganga, chuja kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, kisha ongeza maji mpaka irudi lita moja. Chukua mililita 100 za maji hayo, zimimine kwenye sahani ya kioo uliyoipima ikiwa kavu, na uzikaushe kwa moto mdogo juu ya mvuke hadi sahani isipungue uzito tena. Tuseme umebaki utando wa kahawia wenye gramu 0.5. Maana yake lita nzima ina gramu 5, yaani kila gramu 10 za magome zimetoa gramu moja ya dawa, na kikombe cha mililita 250 kinampa mgonjwa gramu 1.25. Rudia mara tatu, siku tofauti. Majibu yakipishana sana, basi hata wagonjwa wamekuwa wakinywa dawa tofauti kila siku, na hilo ni la kurekebisha kwanza.

Kinachodanganya maabara

Kipimo cha kwanza cha bei nafuu ni kile cha vimeng'enya. Wanga wa ugali na muhogo huvunjwa tumboni na kimeng'enya cha amilesi, kisha vingine humalizia hadi ukawa glukosi. Kitu kinachozuia vimeng'enya hivyo kinaweza kupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu baada ya mlo, na zipo dawa za hospitali zinazofanya kazi kwa njia hiyo. Hata maabara ya sekondari yenye iodini inaweza kuonyesha picha ya awali: wanga ukiwepo iodini hugeuka buluu nyeusi, wanga ukivunjwa rangi hiyo haitokei. Ukiweka dawa ya mti pamoja na amilesi na rangi ya buluu ikadumu, kimeng'enya kimezuiwa.

Hapa ndipo wengi wanaposherehekea mapema. Magome ya mkorosho, ya mwembe, ya mzambarau yamejaa tanini, ile ladha inayokausha ulimi. Tanini hukamata karibu protini yoyote iliyo jirani na kuigandisha, na vimeng'enya ni protini. Mti wenye tanini nyingi utazuia amilesi kwenye chupa bila kuwa dawa ya kisukari, maana tumboni tanini hizohizo zitakutana na protini za maharage na dagaa na kuishia huko. Fanya hivi: toa tanini kwa jelatini, chuja, kisha rudia kipimo. Nguvu yote ikitoweka, umeipima tanini. Tena weka chupa moja yenye wanga, iodini na dawa bila amilesi yoyote, kwa kuwa baadhi ya kemikali za mimea hula rangi ya iodini zenyewe na kukudanganya kwa upande wa pili.

Usalama nao hupimwa mapema. Muhimbili wamezoea kutumia vidudu vidogo vya maji ya chumvi vinavyoanguliwa kutoka kwenye mayai makavu: unavitia kwenye dawa ya viwango mbalimbali na kuhesabu vilivyokufa baada ya saa 24. Kipimo hiki hakisemi dawa ni salama kwa mtu. Kinasema tu ipi ya kuogopa kwanza.

Kisha wanyama, na hili halifanyiki nyuma ya nyumba. Linafanyika kwenye taasisi yenye kibali na watu waliofundishwa kuwatunza panya bila kuwatesa. Wewe kama mshirika unatakiwa kujua cha kuuliza. Kuna panya wazima? Kuna panya wenye kisukari wanaopewa maji tu? Kuna wanaopewa dawa inayojulikana, kama glibenklamidi au metformini? Dawa ya mti imetolewa kwa viwango angalau vitatu? Bila kundi la maji huwezi kusema lolote, kwani panya aliyefungishwa chakula sukari yake hushuka yenyewe. Uliza pia kisukari chao kimesababishwa vipi. Streptozotosini na aloksani huua chembe za kongosho zinazotengeneza insulini, na panya waliopewa aloksani wapo wanaopona wenyewe baada ya muda. Wagonjwa wengi wa hapa kwetu wana kisukari cha aina ya pili, ambamo insulini ipo lakini mwili hauisikii. Kwa hao, panya walionenepeshwa kwa mafuta kwanza ndio kielelezo cha karibu zaidi.

Halafu piga hesabu ambayo ripoti nyingi hazikupigii. Panya huunguza dawa haraka kuliko mtu, kwa hiyo kiwango chake kwa kilo hugawanywa kwa 6.2 hivi ili kupata cha binadamu. Ripoti ikisema miligramu 400 kwa kilo ya panya zilishusha sukari, kwa mtu ni kama miligramu 65 kwa kilo. Mtu wa kilo 60 atahitaji karibu gramu 3.9 za dawa kavu. Kwa magome yetu yanayotoa gramu moja kwa kila kumi, hizo ni gramu 39 za magome kila siku, zaidi ya kilo moja kwa mwezi, kwa mgonjwa mmoja. Linganisha na kikombe cha mganga chenye gramu 1.25. Ama anywe vikombe vitatu na zaidi kwa siku, ama matokeo ya panya hayahusiani na tiba yake. Na fikiria pia miti mingapi itachunwa msitu wa Kiwangwa ili kuwatibu wagonjwa mia. Hesabu hii ifanyike kabla ya shilingi nyingine kutumika.

Kuna kisa ninachopenda wanafunzi wakijue. Katika miaka ya 1950, huko Kanada, Robert Noble alipokea majani ya ua ambalo wenyeji wa Jamaika walikuwa wakinywa chai yake kwa kisukari. Ni lile ua la waridi au jeupe, Catharanthus roseus, linalopandwa sana uani na makaburini huku Pwani. Alipowapa panya kwa mdomo, sukari haikushuka. Alipowadunga, panya walianza kufa kwa maambukizi, na alipowachunguza akakuta chembe nyeupe za damu zimeporomoka. Yeye na Charles Beer walilifuata jambo hilo, wakapata vinblastini, dawa ya saratani inayotumika mpaka leo. Kumbe chai iliyokuwa ikinywewa kwa kisukari ilitoka kwenye mmea wenye nguvu ya kuua chembe za mwili. Noble hakuifungia kazi yake kwenye sukari peke yake. Alimtazama mnyama mzima, na ndiyo sababu maabara makini hupima ini, figo, damu na uzito hata kama swali lilikuwa sukari.

Mimea imetoa dawa za kisukari pia. Metformini, kidonge cha kwanza anachopewa mgonjwa mpya karibu kila mahali, ilitokana na utafiti wa kemikali za mmea wa Ulaya uitwao Galega officinalis, unaojulikana kuwadhuru mifugo. Daktari Jean Sterne wa Ufaransa alichapisha matumizi yake kwa wagonjwa mwaka 1957. Mmea wenyewe haukufaa kunywewa. Kilichofaa ni kemikali jamaa, iliyotengenezwa ikawa na makali madogo na kiwango kinachojulikana. Mti wa Msata nao unaweza kupita njia ndefu hiyohiyo.

Panya wakikubali, watu je?

Profesa Mainen Moshi na wenzake wa Muhimbili walituachia mfano bora. Kuna mmea mdogo wa kando ya njia, Phyllanthus amarus, wenye vipunje vilivyojipanga chini ya tagaa lake. Umewahi kushusha sukari ya wanyama wa maabara katika nchi mbalimbali. Wao waliupeleka kwa wagonjwa 21 wa kisukari cha aina ya pili, wakautoa kwa maji kwa wiki moja, na mwaka 2001 wakachapisha walichokiona: sukari haikushuka, si kabla ya kula wala baada ya kula. Wiki moja ni muda mfupi, na hilo ni la kukumbukwa, lakini waliandika wazi kwamba haukufanya kazi. Brazil nako walijaribu chai ya majani ya mzambarau dhidi ya dawa ya hospitali na dhidi ya kidonge kitupu, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006. Chai haikufua dafu. Angalia hata hivyo kwamba walipima majani, na huku kwetu wengi hutumia kokwa. Anayetaka kuipima kokwa bado ana kazi halali ya kufanya.

Jaribio la watu ni kazi ya timu yenye daktari, na uwezo upo karibu. Bagamoyo, mwendo wa kilomita 64 kutoka Msata, Taasisi ya Afya Ifakara imekuwa ikiendesha majaribio ya kiwango cha juu, ikiwemo chanjo ya malaria ya RTS,S ambayo hatua yake kubwa ya mwisho ilianza mwaka 2009. Utaratibu uliotumika kwa chanjo ndio unaotakiwa kwa mizizi: wagonjwa wapangwe kwa kura, wasijue wala muuguzi asijue nani amepewa dawa na nani amepewa kitu kinachofanana nayo kwa rangi na uchungu. Kufananisha uchungu wa mwarobaini au mchunga si rahisi. Njia nyepesi ni kuikausha dawa na kuitia kwenye vidonge vya kapsuli.

Kwa nini kura na kundi la pili ni lazima? Kwa sababu mgonjwa huja kwa mganga siku sukari yake ilipopanda kuliko kawaida, na mara nyingi ingeshuka kidogo yenyewe. Kwa sababu akiwa kwenye utafiti hula kwa uangalifu zaidi. Na kwa sababu mwaka wa Pwani una mawimbi yake: maembe yakiiva, mananasi ya Kiwangwa yakijaa barabarani, Ramadhani ikiingia na futari yake, sukari za watu wote hubadilika. Ukilinganisha Mei na Desemba za mtu yuleyule, huenda umepima embe. Makundi mawili yanayopita msimu mmoja kwa pamoja ndiyo yanayoondoa shaka hiyo.

Kipimo kikuu kisiwe sukari ya siku moja. Tumia HbA1c, inayoonyesha wastani wa takriban miezi mitatu, na jaribio lidumu angalau wiki 12. Lakini Pwani tuna seli mundu nyingi, na tuna upungufu wa damu na malaria. Vyote hivyo hupotosha HbA1c, kwani hubadilisha chembe nyekundu zenyewe au muda wa uhai wake. Wapime washiriki damu na seli mundu mwanzoni, na wenye tatizo wafuatiliwe kwa sukari ya asubuhi kabla ya kula. Kwa glukometa, mshiriki anawe mikono kwa maji na sabuni akauke kabisa kabla ya kuchomwa, maana kidole kilichomenya nanasi kinaweza kutoa namba ya uongo ya kutisha. Vijiti vya kupimia visiachwe kwenye gari juani.

Kabla kapsuli ya kwanza haijamezwa, fungu lote la dawa lipimwe vijidudu, madini mazito kama risasi, na lichunguzwe kama limechanganywa na dawa za kiwandani. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina wataalamu wa kazi hiyo. Mwaka 2008 huko Singapore watu 150 wasio na kisukari walilazwa hospitali, sukari zao zikiwa zimeshuka vibaya. Wengi wao walikutwa na glibenklamidi mwilini, na ilifuatiliwa hadi kwenye dawa haramu za nguvu za kiume na za mitishamba. Wanne walifariki. Chupa inayoshusha sukari kwa siku moja kwa namna ya ajabu ni ya kuitilia shaka kwanza.

Washiriki wanaomeza vidonge pamoja na mti wako wako kwenye hatari ya sukari kushuka mno. Wafundishwe dalili: jasho jembamba, kutetemeka, njaa ya ghafla, kuchanganyikiwa. Sukari ikiwa chini ya 3.9 wanywe maji yenye vijiko vitatu vya sukari, wapimwe tena baada ya dakika 15, na wakipata nafuu wale chakula. Aliyepoteza fahamu asitiwe kitu mdomoni. Apelekwe hospitali mara moja, na namba ya simu ya daktari wa utafiti iwe kwenye kadi aliyonayo mfukoni. Wajawazito, watoto, na wenye ugonjwa wa figo au ini wasiingizwe katika jaribio la awali. Ini na figo za kila mshiriki zipimwe mwanzoni, katikati na mwishoni, na madhara yoyote yaripotiwe kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.

Amueni kabla ya kuanza, kwa maandishi, ni kiasi gani cha kushuka kitakachoitwa mafanikio. Kushuka kwa asilimia 0.5 ya HbA1c zaidi ya kundi la pili ni tofauti ambayo daktari ataijali. Tofauti ya 0.1 si ya kumbebesha mgonjwa kilo ya magome kwa mwezi. Mtakwimu aulizwe mapema ni washiriki wangapi wanahitajika kuiona tofauti hiyo. Wakiwa wachache mno mtaishia na "huenda", na fedha imekwisha.

Jibu likija, lolote lile, mganga alisikie kabla halijachapishwa, asomewe kwa Kiswahili barazani kwake, na washiriki waelezwe kila mmoja alikuwa kundi gani. Likiwa "hapana", ripoti ichapishwe vilevile, ikiwa na jina la kisayansi, sehemu ya mti, kiwango na namba ya sampuli, ili mwanafunzi wa Mwanza au Mombasa asianze upya na mti uleule. Likiwa "ndiyo", jambo linalofuata ni kuupanda. Miche ioteshwe kwenye kitalu cha kijiji kabla habari haijafika stendi, kwa sababu wachuuzi watafika msituni na mapanga wiki hiyohiyo.